Nani aliruhusiwa kusema? Mamlaka na mazungumzo yaliyojenga mtazamo wa Magharibi kuhusu ngono

Juni 1877, katika mahakama moja ya London, walisimama kizimbani Annie Besant na Charles Bradlaugh. Walishtakiwa kwa kuchapa upya kijitabu cha daktari wa Kimarekani, Charles Knowlton, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1832 kuwaeleza wanandoa namna ya kupanga uzazi. Upande wa mashtaka ulikiita kitabu kichafu. Juri ikaamua kwamba kitabu kinaharibu maadili ya umma, ila waliokichapa hawakuwa na nia mbaya. Walihukumiwa miezi sita jela, na mwaka uliofuata hukumu ikatenguliwa kwa dosari katika hati ya mashtaka. Besant hakusalimika. Mwaka huohuo wa 1878 jaji alimpokonya malezi ya binti yake, kwa hoja kwamba mama asiyeamini Mungu, tena aliyesambaza kitabu kama kile, hafai kumlea mtoto wa kike.

Kitabu chenyewe kabla ya kesi kilikuwa kikiuzwa nakala mia kadhaa tu kwa mwaka. Serikali ilipokishtaki, ziliuzwa zaidi ya 100,000. Magazeti yaliyoona aibu hata kutaja uzazi wa mpango yakajikuta yanaandika habari zake siku baada ya siku.

Huku kwetu mazungumzo kuhusu Wazungu na ngono huenda njia mbili. Wako wanaosema Mzungu hana haya tangu kuumbwa kwake. Wako pia, hasa vijana, wanaoamini kuwa Magharibi imekuwa huru siku zote na sisi ndio tuliochelewa. Kesi ya Besant inawakatalia wote. Uingereza ya wakati ule ilikuwa nchi ambayo mama aliweza kunyang'anywa mtoto kwa sababu ya kurasa chache kuhusu uzazi. Mitazamo ya Magharibi tunayoiona leo kwenye filamu, kwenye simu na kwenye masharti ya wafadhili ilijengwa, ikabomolewa, ikajengwa tena, na katika kila hatua palikuwa na watu wenye uwezo wa kuamua nani aseme, nani anyamazishwe na nani aandikwe faili. Mimi hufundisha historia ya jamii, na hilo la nani aliruhusiwa kusema ndilo ninalotaka tulifuatilie hapa.

Aliyelifanya swali hilo lisikwepeke ni mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault, aliyefundisha Collège de France mjini Paris hadi alipofariki mwaka 1984. Mwaka 1976 alitoa juzuu ya kwanza ya historia yake ya ujinsia. Enzi hizo wasomi wengi wa Ulaya walisimulia hadithi moja: karne ya 19 iliwafunga watu midomo, karne ya 20 ikaja kuwafungua. Foucault aliipinga. Alisema karne ile haikunyamaza kamwe. Mapadre, madaktari, walimu wa shule za bweni, maofisa wa takwimu waliohesabu vizazi, mahakimu, hata wachoraji wa ramani za mabweni waliokuwa wakipima umbali kati ya kitanda na kitanda, wote walishughulika na ngono kuliko kizazi chochote kilichowatangulia. Kilichobadilika ni nani anazungumza, kwa lugha ya fani gani, na yule anayezungumzwa hufanywa nini baadaye.

Kwa maelezo yake, mamlaka si polisi na jela peke yake. Mamlaka ni pia uwezo wa kumkalisha mtu, kumhoji mambo yake ya ndani kabisa, kuandika majibu yake, kisha kumpa jina ambalo ataishi nalo hadi kufa, huku wewe mwenyewe huulizwi lolote. Chimbuko alilolitaja ni kitubio. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliagiza kila Mkristo aliyefikia umri wa kupambanua aungame kwa padre walau mara moja kwa mwaka. Hivyo kwa karne nyingi watu wa Ulaya walizoeshwa kwamba mambo ya chumbani lazima yatafutiwe maneno na yasemwe sikioni mwa mtu mwenye uwezo wa kusamehe au kunyima msamaha. Imani ilipopoa, mazoea hayo hayakufa. Yalihamia kwa daktari.

Mwaka 1760 Samuel-Auguste Tissot, daktari wa Lausanne, Uswisi, alichapisha kwa Kifaransa kitabu kilichodai kwamba punyeto hudhoofisha mwili, hupoteza nguvu za macho na akili, na mwisho huua. Tissot alikuwa tabibu mwenye heshima Ulaya nzima, na hiyo ndiyo iliyofanya maneno yake yawe hatari. Madai yake hayakuwa na ukweli wa kitabibu, lakini yalichapwa na kutafsiriwa tena na tena, na kwa zaidi ya karne moja wazazi waliwafunga watoto mikono usiku kwa sababu yake. Kule Battle Creek, Michigan, daktari John Harvey Kellogg, ambaye jina la ukoo wake bado liko kwenye maboksi ya vyakula vya asubuhi, alishauri mvulana mwenye mazoea hayo atahiriwe bila ganzi ili maumivu yawe adhabu. Robert Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, aliweka onyo la aina hiyo katika kitabu chake cha maskauti cha 1908. Angalieni mstari ulivyonyooka kutoka kwa padre hadi kwa daktari hadi kwa kiongozi wa vijana. Dhambi ilibadilishwa ikawa ugonjwa, ugonjwa ukafanywa udhaifu wa taifa, na mtoto aliyekuwa akilindwa hakuulizwa chochote.

Kwa wanawake mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika miaka ya 1860 Isaac Baker Brown, mpasuaji mashuhuri wa London, aliwakata wanawake kinembe akidai anatibu kifafa, wazimu na histeria. Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo wake waliotaka talaka. Mwaka 1867 Chama cha Madaktari wa Uzazi cha London kilimfukuza, na hoja kubwa katika mjadala ule ilikuwa kwamba alifanya upasuaji bila ridhaa iliyostahili, ya mgonjwa au ya mumewe. Nalitaja hili bila kutetea ukeketaji hata chembe. Ukeketaji ni madhara kwa mtoto wa kike popote unapofanyika, na Kenya ilifanya haki kuupiga marufuku kwa sheria yake ya 2011. Nalitaja kwa sababu kisu kilekile, kikiwa mkononi mwa daktari wa Kiingereza mwenye vyeti, kiliitwa tiba, na kilipokuwa mkononi mwa ngariba wa Kiafrika kiliitwa ushenzi. Mwili uliokatwa ni mmoja, maumivu ni yaleyale.

Wanawake mbele ya polisi na daktari

Kama kuna mahali pamoja panapoonyesha uzito wa haya yote, ni miji ya kambi za jeshi ya Uingereza kati ya 1864 na 1886.

Kaswende na kisonono vilikuwa vimewaangusha askari wengi. Bunge likapitisha sheria ya magonjwa ya kuambukiza mwaka 1864, likaipanua 1866 na tena 1869. Katika miji kama Portsmouth, Plymouth na Aldershot, polisi waliovaa kiraia waliruhusiwa kumtaja mwanamke yeyote waliyemshuku kuwa kahaba. Hapakuhitajika ushahidi kwamba amechukua pesa ya mtu. Mwanamke aliyetajwa aliitwa mbele ya daktari na kupimwa sehemu za siri kwa chombo cha chuma, kisha akatakiwa kurudi mara kwa mara. Akikataa, alifikishwa mahakamani na aliweza kufungwa. Akikutwa na ugonjwa, alizuiliwa katika hospitali maalumu kwa miezi. Wengi wa waliokamatwa katika nyavu hizo walikuwa wafanyakazi wa viwandani, watumishi wa majumbani, washonaji, wanawake ambao walipita njia isiyo sahihi saa isiyo sahihi, au ambao katika miezi ya njaa waliuza miili yao na katika miezi mingine waliishi kama majirani zao. Mara jina likiingia kwenye daftari la polisi, jirani anajua, mwenye nyumba anajua, na mlango wa kurudi kwenye kazi nyingine unafungwa. Sheria iliyosema inawadhibiti makahaba ndiyo iliyowafanya wanawake wengi wasiwe na jina jingine ila hilo.

Wanaume hawakupimwa. Zamani askari walikuwa wakikaguliwa, lakini jeshi liliacha kwa kuwa ukaguzi ule ulihesabiwa kuwa unawavunjia heshima. Tume ya Kifalme iliyochunguza sheria hizo ilieleza mwaka 1871, bila haya, kwamba mwanamke na mwanamume katika jambo hili hawalinganishiki: mwanamke hufanya kosa kwa ajili ya pesa, mwanamume hufuata tu msukumo wa maumbile kwa njia isiyo ya kawaida. Ukitaka kujua mamlaka yanavyoandika maadili, isome sentensi hiyo mara mbili. Waliokaa kwenye tume walikuwa wanaume. Kitendo kimoja, watu wawili kitandani, na tume ikampa mmoja jina la mkosaji na mwingine jina la maumbile.

Aliyesimama kupinga ni Josephine Butler, mke wa mchungaji wa Kianglikana. Mwishoni mwa 1869 aliongoza chama cha kitaifa cha wanawake, na ilani yao ilibeba saini nyingi, ikiwemo ya Florence Nightingale. Butler alizunguka miji akihutubia mikutano ya hadhara kuhusu vipimo vya lazima, wakati ambapo mwanamke wa tabaka lake hakutarajiwa hata kujua mambo hayo yapo. Wenzake waliuita upimaji ule ubakaji wa kutumia chuma. Alizomewa na kurushiwa uchafu. Yupo mbunge aliyesema mwanamke anayezungumza hadharani kuhusu makahaba ni mbaya kuliko hao makahaba. Hata hivyo aliendelea kwa zaidi ya miaka 15, hadi sheria hizo ziliposimamishwa mwaka 1883 na kufutwa 1886. Nguvu ya Butler ilitoka kwenye kukataa mgawanyo ule wa zamani wa wanaosema na wanaosemwa. Aliwaleta wanawake waliopimwa wasimulie, akachapisha maneno yao, na ghafla daktari na polisi wakawa ndio wanaohojiwa.

Lakini historia haiendi moja kwa moja. Mwaka 1885 mhariri W. T. Stead alifichua katika gazeti lake biashara ya wasichana wadogo mjini London. Umma ulichemka, Bunge likapandisha umri wa kuridhia ngono kutoka miaka 13 hadi 16, jambo jema na la haki. Katika mjadala wa muswada huohuo mbunge Henry Labouchere akachomeka kifungu cha 11, kilichofanya kitendo chochote cha ‘uchafu mkubwa’ kati ya wanaume, hata faraghani, kuwa jinai. Sheria haikueleza uchafu huo ni nini. Miaka 10 baadaye mwandishi Oscar Wilde alifungwa miaka miwili na kazi ngumu kwa kifungu hicho. Mwaka 1952 kikamkuta Alan Turing, mtaalamu wa hesabu aliyesaidia kuvunja siri za jeshi la Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Alipewa achague jela au kutiwa homoni za kuzima hamu yake ya ngono, akachagua homoni, na mwaka 1954 akafariki. Serikali ilimsamehe rasmi mwaka 2013, miaka 59 baada ya kuzikwa.

Jina linalogeuka mtu

Foucault alitilia mkazo badiliko moja la karne ya 19 ambalo wasomaji wetu wengi hawalitambui. Sheria za kale za Ulaya ziliadhibu kitendo. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1533 iliyowanyonga wanaume kwa ulawiti, na wawili wa mwisho kunyongwa, James Pratt na John Smith, waliuawa London mwaka 1835. Lakini kitendo kilichukuliwa kuwa dhambi ambayo yeyote angeweza kuangukia, kama ulevi. Katika nusu ya pili ya karne madaktari walianza kusema kuna aina ya mtu, mwenye utoto wake, tabia zake, mwili wake na siri zake, ambaye vitendo vyake ni dalili tu. Richard von Krafft-Ebing, tabibu wa akili, alikusanya visa vingi katika kitabu cha 1886, na sehemu alizoona ni kali akaziandika kwa Kilatini ili wasomi tu wazielewe. Hata lugha yenyewe ilikuwa lango lenye askari.

Jambo la kushangaza ni kwamba istilahi iliyosambaa duniani kwa watu wa mapenzi ya jinsia moja, yaani ‘homosexual’, haikubuniwa na daktari. Iliandikwa mwaka 1869 na Karl-Maria Kertbeny, mwandishi mwenye asili ya Hungaria, katika vijitabu vya kuipinga sheria ya Prussia iliyowafunga wanaume hao. Alitaka neno lisilo na matusi wala dhambi ndani yake. Madaktari wakalichukua na kulifanya jina la ugonjwa. Baadaye waliopewa jina hilo wakalishika wao na kudai haki kwalo. Neno moja lilipita mikono mitatu katika miaka mia moja.

Mjini Berlin daktari Magnus Hirschfeld alianzisha mwaka 1897 kamati ya kudai sheria ile, iliyokwisha kuwa kifungu 175 cha Dola ya Ujerumani, ifutwe, na mwaka 1919 akafungua taasisi ya utafiti wa ujinsia yenye maktaba kubwa na kliniki. Tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wafuasi wa Wanazi waliivamia. Siku nne baadaye vitabu vyake vilichomwa moto hadharani. Mwaka 1935 Wanazi walikaza kifungu 175, na wanaume wapatao 50,000 walihukumiwa katika utawala wao, maelfu wakiishia kambi za mateso na pembetatu ya rangi ya waridi kifuani. Ulaya iliyokuwa imefungua mlango ikaufunga katika muda usiofika miaka 15. Tena Ujerumani Magharibi, nchi ya kidemokrasia, iliendelea kutumia kifungu hicho kama Wanazi walivyokiacha hadi 1969. Hakikufutwa kabisa ila mwaka 1994.

Marekani nayo ilikuwa na sheria ya Comstock ya 1873, iliyokataza kutuma kwa posta chochote kinachohusu kuzuia mimba, na ni mwaka 1965 tu ndipo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipotamka kwamba serikali haina ruhusa ya kuwakataza wanandoa dawa hizo. Kuhusu mapenzi ya jinsia moja, kitabu cha utambuzi cha Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliyahesabu kuwa ugonjwa. Mwaka 1972, kwenye mkutano wa chama hicho mjini Dallas, daktari John Fryer alipanda jukwaani akiwa amevaa kinyago na kutumia kipaza sauti kilichobadilisha sauti yake, akawaambia wenzake kwamba yeye ni mmoja wao na pia ni mmoja wa hao wanaowaita wagonjwa. Alijua akionekana uso atapoteza kazi. Desemba 1973 bodi ya chama ikaufuta ugonjwa huo katika orodha, na mwaka uliofuata wanachama walipopiga kura, asilimia 58 waliunga mkono. Shirika la Afya Duniani lilifuata mwaka 1990.

Nimewahi kuulizwa: kama ugonjwa hufutwa kwa kura, sayansi iko wapi? Swali ni zuri na halipaswi kupuuzwa. Utafiti ulikuwepo, ukiwemo wa mwanasaikolojia Evelyn Hooker wa 1957, ulioonyesha kwamba wataalamu waliopewa majibu ya vipimo bila majina hawakuweza kuwatenga wanaume hao na wengine. Ila utafiti huo ulikaa makabatini zaidi ya miaka 10 mpaka walioandikwa walipoingia ukumbini na kusema. Kura haikuumba ukweli. Iliondoa kizuizi kilichokuwa mbele ya ushahidi. Na nina wajibu wa kuongeza kwamba kuliingiza jambo katika orodha ile tangu mwanzo nako kulikuwa uamuzi wa watu waliokaa mezani.

UKIMWI ulipotokea, mazungumzo yaleyale yaligharimu maisha. Mwaka 1982 baadhi ya wataalamu wa Marekani waliuita kwa jina lililoufunga kwa mashoga. Lakini Rakai, Uganda, ambako watu waliuita Slim, na Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, walikuwa wakifa mume na mke na watoto. Jina lililobuniwa Marekani halikuweza kuona wanandoa wa Bukoba.

Yale ambayo Foucault hakuyatazama

Wanawake wasomi walimkosoa Foucault kwamba anazungumzia mwili kana kwamba hauna jinsia. Ann Laura Stoler, katika kitabu cha 1995, alionyesha pengo jingine: Ulaya haikujenga heshima yake ya chumbani ikiwa peke yake. Iliijenga ikiwa imesimama juu ya migongo ya wengine.

Saartjie Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, alipelekwa London mwaka 1810 akaonyeshwa kwa kiingilio kwa sababu ya umbo la makalio yake. Alifariki Paris mwaka 1815. Mwanasayansi Georges Cuvier aliupasua mwili wake, akahifadhi ubongo na sehemu zake za siri, akaandika ripoti iliyomlinganisha na nyani. Mabaki yake yalioneshwa katika jumba la makumbusho la Paris hadi miaka ya 1970. Yalirudishwa nyumbani na kuzikwa Hankey tarehe 9 Agosti 2002. Bibi wa Kiingereza aliyeonekana safi na mwenye staha alihitaji mtu wa kulinganishwa naye, na mwanamke wa Kiafrika akatwikwa mzigo huo bila kuulizwa.

Tunalo tukio letu wenyewe. Mwaka 1908, Nyeri, ofisa msaidizi wa wilaya Hubert Silberrad alikuwa akiishi na wasichana wa Kiafrika, mmoja wao mdogo sana na tayari ana ahadi na askari wa boma. Askari yule alilalamika. Mlowezi wa jirani, Scoresby Routledge, aliwachukua wasichana wawili kutoka nyumbani kwa ofisa huyo na kupeleka malalamiko kwa gavana. Gavana aliona adhabu ya kupunguziwa mwaka mmoja wa cheo inatosha, Routledge hakuridhika, akaliandikia gazeti la The Times la London. Bungeni pakachafuka. Januari 1909 waziri wa makoloni, Lord Crewe, akatoa waraka kwa makoloni kuwakataza maofisa kuweka masuria wa kienyeji.

Waraka huo ulisisitiza kwamba ofisa mwenye suria anapoteza heshima mbele ya wenyeji na utawala unadhurika. Haki ya msichana haikuwa kiini chake. Yeye alihojiwa, maelezo yake yakaandikwa kwa lugha ya watu wengine, faili likafungwa, na karibu kila kilichoandikwa baadaye ni kuhusu cheo cha Silberrad na jina zuri la Dola. Katika kisa chenye wasichana watatu, kila mtu mwenye kalamu alikuwa mwanamume wa Kizungu.

Pamoja na maofisa zilikuja sheria. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 ilitumika Afrika Mashariki ya Waingereza tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipewa kanuni mpya za adhabu. Makosa ya ‘kinyume cha maumbile’ ambayo leo tunayasikia yakitetewa kama urithi wa mababu yaliandikwa humo na wanasheria wa ukoloni wa Kiingereza. Uingereza na Wales zilipunguza makali ya sheria yao wenyewe mwaka 1967, baada ya ripoti ya kamati ya Wolfenden ya 1957, wakati makoloni yao ya zamani yalikuwa yameshapata uhuru na kanuni zile zikiwa mikononi. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote wa kidini juu ya jambo hili. Nani aliandika maneno yaliyomo katika kanuni zile, hilo si suala la msimamo.

Liko jambo jingine la kisheria ambalo halina kelele nyingi, nalo ni la ndani ya ndoa. Matthew Hale, jaji mkuu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1676, aliacha maandiko yaliyochapwa 1736 yakisema mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mke wake, kwa kuwa mke alikwisha kujitoa kwake kwa mkataba wa ndoa na hawezi kuurudisha. Hakutaja sheria yoyote ya Bunge iliyosema hivyo. Alisema yeye, na kwa kuwa ni yeye, majaji waliofuata walinukuu. Msemo huo wa mtu mmoja uliwaongoza majaji wa Uingereza hadi Oktoba 1991, ambapo mahakama ya juu ya nchi hiyo iliukataa katika kesi ya mume aliyejaribu kumlazimisha mkewe waliyetengana. Ujerumani ilibadili sheria yake mwaka 1997. Magharibi inayotuhubiria leo kuhusu ridhaa ilianza kuitambua ridhaa ya mke juzijuzi.

Kwetu maneno ya Hale hayajaondoka. Sheria ya Tanzania ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inamtambua mke kuwa amebakwa na mumewe pale tu walipokuwa wametengana. Nchini Kenya, muswada wa makosa ya ngono ulipopelekwa Bungeni na Njoki Ndung'u, ulikuwa na kipengele cha kuutambua ubakaji katika ndoa. Ilikuwa Aprili 2006, na wabunge wanawake walikuwa hawafiki 20 katika ukumbi wenye wabunge zaidi ya 200. Mbunge mmoja mwanamume alisimama na kusema kwamba mwanamke wa Kiafrika hasemi ndiyo hata akitaka. Wabunge wanawake walitoka nje ya ukumbi kwa hasira. Muswada ulipita baadaye mwaka huo ukiwa umepunguzwa, na kifungu cha 43(5) kikaeleza kwamba masharti yake hayawahusu watu waliooana kisheria.